Mwalimu Modesta Luhende na Daftari la Jana

Ndugu waombolezaji, Padri, walimu mliofanya kazi na marehemu, majirani wa Kiseke na Nyakato, na ninyi wanafunzi wake mliowekwa mbele ili muone vizuri. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Nathaniel Luhende, karani wa mizani katika kiwanda cha pamba. Karani wa mizani huandika kilo alizoziona, haongezi wala hapunguzi, na ndivyo alivyojaribu kufanya hapa. Unasomwa polepole kwa sababu binti wa Nathaniel, Queen, amesimama kulia kwa msomaji na anausema wote kwa Lugha ya Alama, akiufuata kwenye nakala iliyowekwa mbele yake. Queen akitulia, msomaji anasubiri. Hayo ni maagizo ya marehemu mwenyewe, na kati yetu hakuna aliyewahi kushinda kwa kubishana naye.

Mwalimu Modesta Mashimba Luhende alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 hapa hapa Usagara, ambayo sasa iko Wilaya ya Misungwi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mashimba Luhende, mkulima wa pamba na mfugaji, na marehemu Mama Justa. Kati yake na Nathaniel, aliyezaliwa mwaka 1971, walizaliwa watoto watatu ambao hawakukua. Kwa hiyo huyu mdogo mmoja aliyebaki alibebwa sana na dada yake, na aligombezwa sana pia.

Mama alikuwa na habari moja ya utoto wa Modesta ambayo hakuna mgeni aliyeondoka bila kuisikia. Jirani yetu mmoja, bibi mzee, alikuwa hasikii tena. Watoto walikuwa wakimpita, wanamsemea shikamoo mgongoni na kukimbia, kisha nyumbani wanaeleza kwamba wamemsalimia na hakuitika. Modesta, akiwa na miaka kama saba, alizunguka mpaka mbele ya bibi, akapiga goti, akangoja atazamwe, ndipo akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba kwa sauti iliyofika mpaka zizini. Mdogo wake hakuyaona hayo, maana alikuwa hajazaliwa. Ni maneno ya mama, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Alisoma Shule ya Msingi Usagara kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha Sekondari ya Nganza kuanzia 1977 hadi 1980. Mwaka 1981 alijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, akahitimu mwaka uliofuata na cheti cha Daraja A. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi, na yeye alijua hivyo. Barua alizotuandikia kutoka Nganza baba alizihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai. Baba hakujua kusoma, lakini wageni walipokuja alizitoa awaonyeshe jinsi mistari ilivyonyooka. Huo mwandiko tutaurudia.

Alianza kazi Januari 1983 katika shule moja ya msingi wilayani Magu, akafundisha madarasa ya chini kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni mwa 1994 alihamishiwa Nyakato. Mwezi Julai mwaka huo alipotoka likizo ya uzazi alikuta darasa lake limeshapewa mwalimu mwingine. Mwalimu mkuu akamwambia kuna chumba karibu na stoo, kimefunguliwa kwa ajili ya watoto tisa wasiosikia, akae nao kwa muda wakati wanamtafutia nafasi. Hakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Muda huo ulikuwa miaka ishirini na minane.

Alichokuwa nacho ni mwandiko, basi akawafundisha mwandiko. Aliandika ubaoni, watoto wakaandika kwenye madaftari. Baada ya miaka miwili watoto tisa wa chumba cha stoo walikuwa na hati nzuri kuliko shule nzima, na wazazi walioitwa kuangalia madaftari walitokwa machozi. Marehemu aliamini kwamba wanafunzi wake wanajua kusoma.

Tarehe 18 Septemba 1996 alikuja mkaguzi wa shule. Alifungua madaftari, akayasifu, akawaita walimu wengine wayaone. Kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Simama. Fungua mlango." Akarudi nyuma, akasubiri. Watoto tisa wakainamisha vichwa, wakaandika: "Simama. Fungua mlango." Waliandika kwa uangalifu, kila nukta mahali pake. Hakuna aliyesimama. Mlango ulibaki umefungwa.

Mkaguzi hakumgombeza. Kwenye ripoti, penye nafasi ya maoni, aliandika maneno matatu tu: "Hati: nzuri sana." Marehemu alisema afadhali angemtukana. Ripoti hiyo aliibandika ndani ya mlango wa kabati la darasa, mahali ambapo angeiona kila asubuhi akichukua chaki, na ilikaa hapo mpaka siku anastaafu. "Niliwafundisha miaka miwili kunakili," alikuwa akisema. "Mtoto atasomaje neno ambalo hajawahi kuwa nalo?"

Mwaka 1998 alikwenda mkoani Arusha kwa mafunzo ya elimu maalumu, akawaacha watoto wake, Jonathan akiwa na miaka tisa na Justa akiwa na minne, kwa baba yao. Alirudi Januari 2000 na Lugha ya Alama mikononi, pamoja na jambo moja ambalo alimwambia kila mzazi, kila afisa elimu na kila aliyekaa naye zaidi ya dakika tano: lugha kwanza. Mtoto anayesikia anafika darasa la kwanza akiwa na miaka saba ya maneno kichwani, kwa hiyo kitabu kinamkuta ana kitu. Mtoto kiziwi anayekulia kwenye nyumba ambayo hakuna anayesema naye kwa mikono anafika akiwa hajui hata kwamba ana jina. Ukimpa huyo kitabu atakuchorea herufi. Mpe kwanza mtu wa kuongea naye, kitabu kitafuata. Neno "bubu" lilikuwa halitamkwi mbele yake. Aliyelitamka alirekebishwa hapo hapo, hata kama ni diwani.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Venant Chenge, fundi seremala wa Nyakato, tarehe 8 Agosti 1987. Shemeji Venant alikuwa mtu wa maneno mengi, na marehemu hakuwa hivyo. Aliporudi kutoka Arusha alimwomba mumewe amtengenezee viti vidogo na meza za kupanga nusu duara, maana mtoto kiziwi aliyekaa nyuma ya mwenzake ni sawa na mtoto anayesikia aliyefungiwa nje. Venant alitengeneza viti kumi na viwili, kisha akalalamika mtaa mzima. Alisema mke wake anaongea na watoto wa watu kutwa nzima kwa mikono, na akirudi nyumbani ukimwuliza habari za kazi anakujibu, "Baba Jonathan, mikono imechoka. Nitakuambia kesho." Alisema amekuwa akiingoja hiyo kesho tangu mwaka 2000. Venant alitutoka tarehe 3 Machi 2012, na tutamtaja tena, kwa sababu ya jambo lililotokea msibani kwake.

Kati ya watoto tisa wa mwanzo alikuwemo Orwa, ambaye familia yake ilitoka Rorya, upande wa Mara, na kuhamia Nyakato. Desemba 1999 mama yake, Roza, alifariki, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Orwa, akiwa na miaka kumi na miwili, aliachwa kwa majirani. Alipouliza kwa vidole mama yuko wapi, watu walimwonyesha barabara. Mwaka 2000 shule ilipofunguliwa, marehemu aliwaambia watoto wachore walichofanya jana. Orwa akachora basi. Siku ya pili basi, siku ya tatu basi. Wiki ya tatu marehemu alimfuata baada ya masomo, akamkuta ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, anatazama milango ya kila basi linaloshusha watu. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa wiki sita.

Marehemu alikwenda kwa baba wa Orwa, Mzee Ogweno. Hakwenda kwa upole. Mzee Ogweno alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mwalimu, tungemwambia kwa mdomo gani?" Marehemu alirudi nyumbani na swali hilo. Siku iliyofuata alimketisha Orwa, akamweleza mwenyewe, kwa ishara na kwa picha, kwamba mama alikufa, kwamba kufa si kusafiri, na kwamba harudi. Orwa alilia siku tatu. Siku ya nne alirudi darasani akachora kaburi. Hatusemi kwamba siku hiyo ndipo alipoanza kusoma. Kusoma kulichukua miaka mingine miwili na kidogo. Lakini Machi 2002 marehemu aliandika ubaoni yale maneno ya mkaguzi, na Orwa akasimama, akafungua mlango, akarudi kukaa akishangaa kwa nini mwalimu analia. Orwa sasa ni fundi seremala, alifundishwa kazi na Venant, na jeneza mnaloliona hapa amelitengeneza yeye.

Kutokana na jambo la Orwa lilianza daftari la jana. Kila mtoto wa darasa lile alikuwa na daftari alilokwenda nalo nyumbani, na kila jioni mzazi alitakiwa aweke humo jambo moja la siku hiyo. Aandike, achore, na kama hajui kuandika wala kuchora, abandike kitu. Madaftari hayo yalirudi yakiwa na magamba ya sato, vipande vya kitenge, tiketi ya kivuko, unyoya wa kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni. Asubuhi mtoto alifungua, akaeleza kwa mikono, wenzake wakamwuliza maswali mpaka wakaridhika, na mwisho mwalimu akaandika sentensi chini yake. Mtoto aliisoma kwa sababu ilikuwa habari yake. Wazazi walipinga. Walisema hawana muda, hawana kalamu, hawana habari. Marehemu aliwafuata majumbani, na wengi wenu mliopo hapa mnajua alivyokuwa akibisha hodi.

Sasa tunafika kwa mtoto aliyemsumbua kuliko wote, na aliyemsumbua si mtoto, ni baba yake. Queen, binti wa mwisho wa Nathaniel na mkewe Evelina, alizaliwa tarehe 12 Juni 2008. Siku moja mwaka 2010 marehemu alikuja kutembea, akachukua mfuniko wa sufuria, akauangusha sakafuni nyuma ya mtoto. Paka alikimbia, mtoto hakugeuka. Akarudia. Kisha akasema, "Nathaniel, mtoto huyu hasikii."

Mdogo wake akamjibu, "Dada, usiniletee kazi yako nyumbani kwangu."

Hawakuzungumza karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo Queen aliombewa, alipelekwa kwa waganga, alikatwa kimeo. Hospitali walimpima wakasema ni mishipa ya kusikia, wakampa vifaa vya masikioni ambavyo vilimsaidia kusikia honi na ngoma, basi. Baba yetu mdogo, Mzee Luhaga, alimpigia marehemu simu kumlaumu kwamba amemwacha ndugu yake ahangaike, akamkumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Marehemu akamjibu, "Baba, mtoto si mgonjwa. Anakosa wa kuongea naye."

Machi 2012 Venant alipofariki, Nathaniel alikwenda msibani, nyumbani kwa dada yake Kiseke, na familia yake. Queen hakuwa ametimiza miaka minne. Aliona watu wazima wanalia, akawa anazunguka kuvuta kanga za wanawake, mmoja baada ya mwingine, akitaka aambiwe kuna nini. Walimpa biskuti. Ndipo marehemu, mjane wa siku ya kwanza, akainuka kwenye mkeka. Wote mnajua mjane hainuki. Wanawake waliguna. Akamchukua mtoto, akaingia naye chumbani ulikolazwa mwili, akamfunua mumewe uso, akakaa naye kama nusu saa, akimweleza kwa mikono. Sehemu kubwa Queen hakuielewa, maana hakuwa na lugha. Lakini alitoka ameacha kuvuta kanga, akaenda akakaa kimya kwenye mkeka karibu na shangazi yake, kama waombolezaji wengine. Baba yake aliyaona yote hayo akiwa mlangoni.

Januari 2013 Nathaniel alimpeleka Queen Kiseke. Alikuwa akikaa kwa shangazi siku za wiki, na Jumamosi na Jumapili anarudi kwa wazazi wake Nyakato. Tuseme kweli iliyopo: alimkabidhi kama mtu anavyopeleka redio kwa fundi, arudi kuichukua ikishapona. Hakujifunza Lugha ya Alama. Alipotaka kujua Queen anasema nini, alimwuliza dada yake. Queen alipotaka kumwambia baba jambo, alimwambia shangazi. Mambo yakaenda hivyo miaka kumi na moja, na yalikwenda vizuri tu, kwa kuwa marehemu alikuwa hai.

Queen alikuwa na daftari la jana kama wenzake, na kujaza la mwisho wa wiki ilikuwa zamu ya baba. Karani wa mizani, mtu wa kuandika kutwa, kila Jumapili aliandika maneno mawili: "Hakuna jipya." Juzi ameyahesabu. Aliyaandika mara mia moja na kumi na saba. Chini ya mojawapo, la mwaka 2016, marehemu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Paka amezaa watoto wanne ndani ya kabati lako, juu ya suruali ya kazi. Queen amenichorea. Hilo nalo si jipya?"

Queen alijifunza kusoma. Ilichukua muda, na mwaka juzi alifaulu darasa la saba. Sasa yuko kidato cha pili. Marehemu alistaafu tarehe 14 Aprili 2022, akafungua darasa la kusoma kwenye baraza la nyumba yake Kiseke, Jumanne na Alhamisi, kwa yeyote aliyekuja.

Tarehe 6 Februari mwaka huu, saa kumi jioni, akiwa barazani na watoto watano, kalamu nyekundu ilimponyoka mkononi, kisha akaegemea ukuta. Wadogo walidhani ni mchezo wa kujifunza neno jipya. Queen hakudhani hivyo. Alikimbia kwa jirani na karatasi aliyoandika: "Shangazi amepooza upande wa kulia. Ita gari sasa hivi." Daktari alituambia kwamba kuwahi kule kulimpa marehemu miezi minane aliyoishi baadaye.

Kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia na kuulegeza ulimi. Sisi tunaosikia hatukumwelewa tena. Aliyemwelewa ni Queen, kwa sababu mkono wa kushoto ulibaki na lugha yake, ingawa Queen alisema shangazi sasa anaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni. Alikuwa akiutazama ule mkono, anaandika, anatuonyesha. Shangazi anasema mto uko juu sana. Shangazi anasema mama Evelina asitie sukari kwenye uji. Shangazi anasema Mzee Luhaga apunguze maombi, anataka kulala. Wazee wa ukoo waliokuwa wakimpita mtoto huyu bila kumtazama walianza kupanga mstari mbele yake.

Mwezi Machi, siku moja baada ya kazi, Queen alimpa baba yake karatasi. Iliandikwa: "Shangazi anauliza, yeye akifa, nani atakuambia mimi nasema nini?" Akasimama kusubiri jibu. Baba aliisoma mara mbili.

Kuanzia siku hiyo alikwenda Kiseke kila jioni. Mwalimu alikuwa kitandani, mwenye mkono mmoja, na msaidizi wake alikuwa Queen, aliyemkunja baba yake vidole kama mtu anayekunja waya. Vidole vya miaka hamsini na mitatu vilivyozoea kusukuma magunia havikunjiki upesi. Aliwahi kukosea ishara akamwambia Queen kwamba mama yake amechemka na yuko tayari kuliwa. Marehemu alicheka mpaka muuguzi aliyekuwa akimhudumia nyumbani akaja. Hadi Agosti baba alikuwa na ishara mia moja na sitini. Ile ya kufa alifundishwa mapema, wiki ya pili. Alipotaka kuiruka, marehemu aligonga kitanda kwa kiganja, na Queen akaandika, "Shangazi anasema hiyo utaihitaji. Anasema usije ukaniambia amesafiri."

Tarehe 17 Oktoba 2024 hali ilibadilika, akalazwa hospitali. Queen alihamia Nyakato kwa wazazi wake ili asikose shule. Mwalimu Modesta alifariki dunia Jumanne, tarehe 22 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Mpaka hapa nimejiita mdogo wake. Sehemu inayofuata siwezi kuisoma hivyo. Ni mimi.

Saa nane mchana turubai lilikuwa limeshafungwa nyumbani kwangu Nyakato, na Queen alikuwa bado shuleni. Mzee Luhaga alinivuta pembeni. Alisema, "Mwanangu, mtihani wa mtoto ni wiki ijayo. Mwambie shangazi amehamishiwa hospitali ya Dar es Salaam. Afanye mtihani kwanza. Machozi yapo tu, hayaozi." Mzee hakusema kwa ubaya, na wengi waliokuwepo walimuunga mkono. Hata mimi nilikubali, kwa muda wa kama saa moja. Nilikuwa naogopa. Kwa miaka kumi na moja kulikuwa na mtu wa kunisemea kwa mtoto wangu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amekufa.

Queen alifika saa tisa na nusu, begi mgongoni. Aliona turubai, akaona viti. Wanawake wawili walimkimbilia wakamkumbatia kutoka pembeni, wakamzungushia kanga kichwani kwa upendo, na hapo hakuweza tena kuona uso wa mtu yeyote. Niliwaomba wamwache. Nikazunguka mpaka mbele yake, nikangoja anitazame.

Ishara ya kwanza niliikosea. Nikaanza upya. Shangazi. Leo. Saa nne. Amekufa.

Aliniuliza, "Ulikuwepo?"

Nikamwambia, "Nilikuwepo. Nilimshika mkono."

Akauliza, "Upi?"

Nikasema, "Wa kushoto."

Hakuna aliyetutafsiria. Queen alilia, nami nililia, tukiwa tumesimama pale pale. Sijawahi kuwa na huzuni kama ya siku ile, na sijawahi kumwelewa mtoto wangu kama siku ile. Dada, ulikuwa umenionya, na tangu msiba wa Venant nilikuwa nimechelewa miaka kumi na miwili.

Asubuhi ya Jumatano nilikuta daftari mezani, mahali lilipokuwa likiwekwa zamani ili mzazi alijaze. Queen alikuwa ameshaandika. Ameniruhusu niwasomee. Limeandikwa hivi: "Jana shangazi Modesta alikufa. Baba aliniambia mwenyewe."

Marehemu ameacha watoto wawili, Jonathan na Justa; wajukuu wanne; mdogo wake, Nathaniel, na shemeji yake, Evelina; baba yake mdogo, Mzee Luhaga; na Queen, ambaye Jumatatu ataingia kwenye mtihani akiwa anajua kila kitu. Ameacha wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu, ila kabatini kwake Kiseke kuna madaftari ya jana mia nne na kumi na mawili, na kila mmoja wenu anaweza kuja kuchukua la kwake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani aliyeita gari, walimu, wanakwaya, na Orwa kwa jeneza. Kwa Kisukuma chetu, wabeja sana.

Mstari wa mwisho wa wasifu huu hausomwi kwa sauti. Msomaji ataweka karatasi chini na kuusema yeye mwenyewe kwa mikono, na Queen atashusha mikono yake na kumtazama baba. Umechapishwa hapa kwa ajili ya sisi tunaosikia, tusije tukaachwa nje:

Dada, mikono imechoka. Ipumzike kwa amani. Tutakuambia kesho.